Mvua Nimeifunga

Nachukia harufu ya turubai lililoloa. Wanafunzi wangu hapa Musoma wanalijua hilo, ingawa sababu hawaijui. Msimu wa masika mafundi wakitandaza turubai lao juu ya saruji karibu na darasa langu, nafunga madirisha, na nikiulizwa nasema kifua kinanisumbua. Kifua changu ni kizima. Harufu ile, ya kitambaa kizito kilichonyeshewa kikakauka kikanyeshewa tena, inanipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha wazazi wangu, chini ya kitanda, ambako Baba aliweka koti lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Juzijuzi tumemzika Baba kule Guta. Siku hiyo ilinyesha tangu asubuhi, na waombolezaji walikaa chini ya maturubai ya kuazima. Nilishindwa kulia. Nilikuwa nimebana pua.

Nafundisha Kiswahili. Katika mashairi tunayosoma hakukosi shairi la vita, na swali la mtihani huwa lile lile limebadilishwa nguo tu: onyesha jinsi mshairi alivyoyapa mazingira sura ya adui. Wanafunzi hulijibu vizuri sana. Wanaandika tashihisi. Wanaandika kwamba tope linashika miguu, baridi inauma, mto unameza, jua linapiga, msitu unaficha visu. Ninawapa alama zao kwa sababu wamezistahili. Lakini mimi mwenyewe, nikisoma shairi la askari ambamo kila kitu kimeua isipokuwa mtu, naanza kumtafuta huyo mtu. Wingu halina kidole cha kufyatulia bunduki. Natamani kumkamata mshairi shingoni nimuulize, na wewe bwana, wakati mto unameza, ulikuwa umesimama wapi?

Hasira hii sikuipata chuoni, niliipata nyumbani.

Tulikaa kijiji kimoja cha njia ya Butiama, kule kwenye mawe makubwa na mashamba ya mtama na muhogo. Baba yangu, Magesa, alikuwa mgambo. Vita ya Uganda ilipokuja alichukuliwa pamoja na Masatu, mtoto wa jirani yetu, ambaye alikua naye na kuchunga naye pamoja. Mama yake Masatu alikuwa mjane na huyo ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Kabla hawajaondoka alimshonea koti kwa kipande cha turubai la kufunikia pamba, maana nguo wakati ule ilikuwa haipatikani, na kwa kuwa uzi mweupe haukuwepo alishona kwa uzi mwekundu. Watu walimtania Masatu kwamba adui atamwona kutoka ng'ambo ya ziwa. Yeye alilivaa hivyo hivyo, akapanda lori akicheka.

Baba alirudi peke yake. Nakumbuka alivyosimama uani kwa Mama Masatu, nami nimeshika suruali yake kwa nyuma kwa sababu nilikuwa sijamzoea tena na wakati huo huo sikutaka aondoke.

"Mto umemchukua, mama," akasema. "Tulikuwa tunavuka. Umemchukua na kila kitu alikuwa amevaa."

Yule mama hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Aliuliza neno moja tu. "Hata koti?"

"Hata koti."

Tangu siku ile Baba akawa kama mtoto wake. Alimchotea maji, alimwezekea nyumba, akimpata samaki mzuri anampelekea kwanza yeye ndipo sisi tunapata kichwa. Mama yangu, mwanamke mwenye ulimi, alilalamika mara nyingi, ila hata yeye alijua mpaka wa kulalamika. Mimi nilimwita Bibi na nilipenda kulala kwake.

Na Baba akawa anaimba. Kazi yake baada ya vita ilikuwa kufyatua tofali chini kule kwenye korongo, na aliimba akiwa anakanyaga udongo, miguu ikipanda na kushuka. Shairi lilikuwa la kwake mwenyewe. Alilitunga vitani au njiani akirudi, sijui, ila lilikuwa na vina vyake na mizani yake kamili, kwa sababu kabla ya vita alikuwa mwanafunzi wa elimu ya watu wazima na mashairi ya redioni hakuyakosa. Ubeti uliopendwa na kijiji kizima ni huu:

Matope yalitusonga, na magoti yakachoka,
Mto ukaja kuchunga, mwenzetu ukamteka,
Matete yakatupinga, upepo ukatucheka,
Mvua nimeifunga, kinywani haitatoka.

Wanawake waliuimba wakitwanga. Watoto tuliuimba tukienda shule. Ukiusikiliza kwa masikio ya mtoto, unaelewa nilichoelewa mimi, kwamba Baba alikwenda kupigana na mvua. Tope lilikuwa askari wake, mto ulikuwa mkubwa wao, matete na upepo walikuwa wanausaidia upande ule. Mwalimu alipotuambia tumchore adui, wenzangu walichora mtu mwenye kofia na bunduki. Mimi nilichora wingu lenye miguu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa, akalionyesha kwa darasa la pili, wakacheka na wao. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikiwaona wote ni wajinga wasiojua vita.

Kwetu ushahidi ulikuwepo. Wingu likitokea upande wa ziwa, Baba alitupa chochote alichoshika akakimbia korongoni kufunika tofali kwa nyasi, akitukana kwa lugha ya nyumbani matusi yaliyomfanya Mama atuzibe masikio. Tofali mbichi ikinyeshewa inarudi udongo, na kazi yote inakuwa bure. Mimi niliona kitu kingine. Niliona kwamba mvua imemfuata kutoka Uganda.

"Sasa hiyo mvua yako utaimba mpaka isikie aibu?" Mama alimuuliza siku moja. "Funika tofali, mwanaume. Acha kuitungiaga nyimbo."

Halafu kulikuwa na kile kifurushi chini ya kitanda. Nilikigundua nikitafuta kuku aliyekuwa anatagia ndani. Kilikuwa kimeviringishwa vizuri kama mkeka na kufungwa kamba kila mahali, na kilikuwa kinanuka. Kinanuka mvua. Siyo ile mvua nzuri ya ardhi kavu, ila mvua iliyozeeka. Baba alinikuta nimekiinamia. Hakunipiga. Alinivuta mkono taratibu mpaka mlangoni, akachuchumaa mbele yangu.

"Ile ni mvua," akaniambia. "Nimeifunga. Usije ukaigusa, itatoka."

Nadhani alitaka kunitisha tu, na neno lililokuwa karibu na mdomo wake lilikuwa hilo. Lakini mtoto haambiwi mzaha na mtu mwenye uso kama ule. Nilielewa kila kitu. Baba alishinda vita, akaiteka mvua, akaifunga kamba na kuileta nyumbani. Nilitembea na siri hiyo kifua mbele.

Kisha mvua ikakosekana kweli.

Ilikuwa miaka ile ambayo hakuna kitu kilichokuwepo. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Chumvi ilikuwa ya kuvizia. Kwenye duka la kijiji rafu zilibaki na vumbi na picha ukutani, na siku unga ukija ulikuwa ule wa njano, unga wa yanga, tuliokula tukiusema vibaya. Watu walivumilia hayo yote kwa sababu shamba lilikuwepo. Vuli ilipopita bila mvua walinyamaza. Masika ilipoanza kupita nayo, mtama ukasimama mfupi umejikunja, ng'ombe wakaanza kulala chini na kukataa kuinuka, na watu wakaanza kutazamana.

Na katikati ya kijiji kile kulikuwa na mtu mmoja ambaye jua lile lilimfaa. Tofali za Baba hazijawahi kukauka vizuri vile. Zilipangwa korongoni safu kwa safu, nyekundu, ngumu, bila ufa, na yeye kando yake anakanyaga udongo akiimba kwamba mvua ameifunga.

Sijui nani alilisikia kwanza neno lile upya. Najua tu kwamba wanawake waliacha kuliimba. Tulipoliimba sisi watoto njiani, mama mmoja alitutupia kibuyu. Ndani ya siku chache kila mtu alikuwa na habari ya zamani kuhusu mafundi tofali wa kijiji fulani waliofunga mvua ili tanuru zao ziive, na kila habari iliishia kwa fundi kuchomwa.

Baraza lilifanyika mchana mbele ya ghala la ushirika, ambalo msimu ule lilikuwa tupu kiasi kwamba sauti ziliingia ndani na kurudi. Vijana wa sungusungu walikuja na pinde zao. Mtu mmoja alikuja na dumu la mafuta ya taa. Kwa majuma tulikuwa tukilala bila koroboi kwa kukosa mafuta, mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alikuwa anatuambia hayapo, na siku ile yakapatikana. Hilo sijalisahau na sina nia ya kulisahau.

Aliyesimama kushtaki alikuwa Bwire, mfugaji, mtu ambaye kabla ya ukame alikuwa rafiki wa Baba wa kunywa naye togwa.

"Sisi tunafukia mbegu, inaungua," akasema. "Yeye anaanika tofali, inakauka. Nani anafurahiaga hii jua hapa? Nitajieni mtu moja tu! Ng'ombe zangu zinakufa nikiziangalia. Na mnamsikia wenyewe anavyoimbaga. Mvua nimeifunga! Amekiri na mdomo yake, tunatafuta ushahidi gani tena?"

Watu wakanguruma. Mwenyekiti akamgeukia Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kimoja katikati, mikono magotini, udongo haujamtoka miguuni.

"Magesa. Hilo neno ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

"Ulifunga nini?"

Baba akautazama udongo miguuni mwake. "Ni shairi, mwenyekiti."

"Shairi linasemaga kitu. Hili linasema nini?"

Mama yangu hakuweza kujizuia. Alipasua watu akaenda mbele, kitenge kinamfunguka. "Si maneno ya vita hayo, jamani! Magesa, waambie! Waambie ni ya vita, turudi nyumbani!"

"Kama ni ya vita," akasema Bwire, "basi atuambie hiyo mvua ya vita ni kitu gani. Aseme tu. Tutamwachia."

Alikuwa anasema kweli, wangemwachia. Baba alihitaji kufungua mdomo aeleze mstari mmoja aliousema yeye mwenyewe. Badala yake alikuwa anamtazama Mama Masatu, aliyekaa chini mbele ya watu wote, miguu ameinyoosha, mahali walipokuwa wanamwekea heshima yake kama mama wa aliyekufa vitani. Yeye alikuwa anamtazama Baba kwa huruma. Yule mwenye dumu akalihamisha kutoka mkono huu kwenda ule.

Mimi nilikuwa na jibu, na nilishangaa kwa nini Baba halitoi. Mvua ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda. Wanaitaka, basi wapewe, Baba aachwe. Nilitoka mbio. Nilikiburuta kile kifurushi kutoka uvunguni, nikakibeba kichwani, na kilikuwa kizito kwa mtoto wa umri wangu, nikarudi nacho mpaka katikati ya baraza, nikakitupa chini mbele ya mwenyekiti.

"Mvua hii hapa!" nikasema. "Baba aliifunga. Mimi naifungua."

Kuna watu wangependa niseme hapa kwamba najuta. Sijuti. Nilikuwa mtu pekee mahali pale aliyejaribu kufanya jambo la maana.

Kamba zilikuwa zimekaza, nikatumia meno. Baba aliinuka, akasema "Mwanangu, hapana," lakini vijana walimshika mabega. Koti likafunguka. Nililishika kwenye mabega yake nikalikung'uta kwa nguvu zangu zote nikiimba toka, toka, na kilichotoka kilikuwa harufu ile na vumbi la tope kavu jeusi ambalo si la kwetu. Watu waliruka nyuma. Mwanamke akapiga yowe la uchawi. Bwire akanyoosha fimbo yake, "Si mnaona! Humo ndani, amefungia humo!" Nami nikatazama juu, na mbingu ilikuwa nyeupe vile vile.

Mama Masatu peke yake ndiye aliyekuja mbele. Aliinuka kwa shida, akaja, akalichukua koti mikononi mwangu kama anayepokea mtoto. Alishika pindo akalipitisha katikati ya vidole, polepole, akifuata ule uzi mwekundu. Kisha akaligeuza. Mgongoni kulikuwa na tundu. Aliingiza kidole kwenye lile tundu, kikatokea upande wa pili, akakiangalia.

Nilidhani anatafuta mvua ilikotorokea.

Wale vijana sijui walilegezaje mikono. Baba alikwenda akapiga magoti mbele yake, siyo mbele ya mwenyekiti, siyo mbele ya watu, akashika miguu yake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nisamehe."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Baraza lote likalipuka. Amekiri! Amekiri! Yule wa dumu alikuwa ameshapiga hatua. Mama Masatu hakumtazama. Aliinua mkono ulioshika koti, na kwa sababu hakuna mtu pale aliyethubutu kumkatalia mama wa marehemu wa vita, wakanyamaza.

"Mtu asimguse," akasema. "Ahame. Leo hii. Yeye na watu yake wote."

"Bibi," nikaanza.

"Ahame nimesema!" Akatema mate chini, akaondoka na koti lake kwapani bila kugeuka.

Tuliondoka kabla jua halijazama, kwa miguu, na tofali zote zile zikabaki korongoni. Tulikwenda Guta kwa wajomba zangu. Kabla mwezi haujaisha mvua ilinyesha kule tulikotoka, tukaletewa habari kwamba watu walicheza migongo wazi kwenye matope wakisema mnaona, mnaona. Nilimchukia Mama Masatu kuliko nilivyomchukia Bwire. Bwire alikuwa na ng'ombe wanaokufa. Yeye tulimlisha samaki, na mimi nilikuwa nalala kifuani mwake, na alitutemea mate.

Baba hakuimba tena. Guta alifyatua tofali kama kawaida, kazi nyingine hakuijua, na miaka ikabadilika. Serikali ikaruhusu watu kufanya biashara zao. Sabuni ikajaa madukani, mitumba ikamwagwa chini Bunda sokoni kama mavuno, na kila aliyepata chochote akajenga fremu ya duka. Nusu ya fremu za enzi zile pale Bunda zina tofali za Baba. Angeweza kuwa mtu mwenye furaha. Lakini wingu likija alikaa. Hakukimbia tena na nyasi. Mara nyingine alikaa kwenye kigogo akaiangalia mvua inavyoyeyusha kazi ya juma zima, na Mama akimfokea kutoka mlangoni alijibu, "Iache, imalize." Nikadhani amekata tamaa na vita yake. Nilimwonea aibu, kwa kweli. Nilikuwa nimeshakua, nimeshajua kwamba mvua ni mvua, na bado sehemu fulani ndani yangu ilitaka aamke apigane.

Alipougua mara ya mwisho nilikuwa naye peke yangu chumbani, asubuhi, namlisha uji. Alikisogeza kijiko.

"Masatu nilimpiga mimi," akasema.

Alisema hivyo hivyo, bila kikohozi mbele wala machozi nyuma. Walikuwa wameshavuka mto. Masatu alikwenda pembeni, pengine kujisaidia, na matete yakatikisika. Baba akapiga risasi. Alipofika alimvua koti azibe damu nalo, haikuzibika. Mwili aliupeleka mtoni mwenyewe. Koti alishindwa kulitupa, na kulirudisha akashindwa pia.

"Kamwambie mama yake," akasema. "Mimi nimeshindwaga."

Niliweka bakuli chini kwa hasira mpaka uji ukamwagika. Miaka yote ile, kijiji kile, mate yale. Lakini nilijikuta namtafutia njia, maana ni baba yangu. Nikasema, "Baba, ilikuwa inanyesha. Usingeweza kumwona."

Alikuwa mtu anayeheshimu maneno.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa imeacha. Kulikuwa na jua. Niliogopa tu."

Tangu siku ile sijaweza kusahihisha shairi la vita kwa utulivu. Nilikaa kwenye basi la kurudi Musoma nikihesabu kwa vidole kama mwendawazimu. Ma-sa-tu-ni-me-m-pi-ga. Mizani nane. Ingekaa pale pale alipoiweka mvua. Kina kingepinda kidogo, lakini nani wa kijiji kile angekataa ubeti kwa ajili ya kina? Alikuwa na nafasi, alikuwa na mizani, na akaajiri mto, matope, matete na upepo, kikosi kizima, kusimama mahali pa sentensi moja fupi.

Baada ya mazishi nilikwenda. Mama Masatu yu hai, ameishiwa nuru jicho moja, anakaa nyumba ile ile ambayo Baba aliiezeka, ila sasa ina bati. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa ukali. Nilitaka ajue alichokitemea mate.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa Magesa." Hakuuliza, alisikia sauti. "Amekufa?"

"Amekufa, Bibi. Amenituma nikwambie jambo."

"Kwamba alimpiga mwanangu," akasema. "Hiyo najua. Kaa chini."

Nilikaa. Ukutani, kwenye msumari, koti lilikuwa limening'inia, uzi mwekundu umefifia ukawa kama wa kutu. Tundu halikuzibwa.

"Mto haurudishagi koti," akasema. "Na mtu amefunga mvua anaombaga msamaha kijiji nzima, maana wote wana njaa. Baba yako aliniomba mimi peke yangu. Wale wapumbavu hawakuona. Mimi niliona."

"Sasa kwa nini ulitufukuza?"

"Wangemchoma." Akageuza lile jicho lake moja kunielekea, na halikuwa na upole hata kidogo. "Na mimi sikutaka afe upesi vile. Nilitaka akae nayo. Amekaa nayo?"

"Amekaa nayo, Bibi."

"Vizuri."

Nje kulikuwa kumeanza kunyesha, matone makubwa ya kwanza yakipiga bati moja moja, na lile koti ukutani, kwa unyevu tu wa hewa, likaanza kutoa harufu yake. Nilitaka kuondoka. Yeye alikuwa amenishika mkono, vidole vyake vikavu, vigumu.

"Kitu kimoja ndiyo sijui," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Kila nikilala nauliza. Ule wimbo wake umejaa mvua. Siku ile ilikuwa inanyesha kweli? Maana kama ilikuwa inanyesha, hakumwona. Alipiga bila kumwona. Walikuwaga wanalala mkeka moja wale, toka wadogo. Nikijua hakumwona nitapumzika."

Hapa ndipo mahali nilipowasubiri washairi wote wa vita, maisha yangu yote, nikiwa na kalamu nyekundu. Nilikuwa na ukweli kinywani, mfupi, kamili, nimepewa na mwenyewe. Nikamtazama yule bibi.

"Ilikuwa inanyesha, Bibi," nikasema. "Inanyesha sana. Hakuona kitu."

Mkono wake ukalegea. Alikaa hivyo, akiisikiliza ile ya nje ikikolea juu ya bati, na mashavu yake yakaanza kulowa.

"Mvua mbaya ile," akasema. "Mvua mbaya sana."

Nami nikaitikia, "Mbaya sana, Bibi."